Ilma Frieda Zadow (1941–2024), Mfugaji wa Vijidudu wa Kartilpa

Programu hii imechapwa mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa tayari Jumamosi, ikiwa na picha nzuri na kosa moja kubwa, na familia inawaomba walioipata waitie motoni. Kosa lenyewe si la mchapaji. Limekaa Kartilpa miaka kumi na saba, kila mtu akilijua kama anavyoijua njia ya kwenda dukani, na aliyelianzisha ni marehemu mwenyewe. Linahusu jina lake, kwamba alikuwa mtu wa kusahau. Litaelezwa litakapofika zamu yake.

Ilma alizaliwa Jumamosi, tarehe 17 Mei 1941, katika nyumba ya mawe ya shamba la baba yake, kilomita tisa kaskazini mwa Kartilpa, hapa hapa kwenye mchanga wetu wa Mallee, Australia Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu wa Traugott Kleinig na mkewe Emma, binti Obst. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 15 Juni mwaka huo huo. Wakubwa wake, Hermann na Elsbeth, wametangulia. Mdogo wake, Lothar, alizaliwa mwaka 1944, mwaka wa ukame ambao mama yao alisimulia kwamba vumbi liliingia mpaka ndani ya mkate. Lothar yupo nasi leo, kiti cha mbele.

Alipokuwa na miaka saba, baba yake alimkuta katikati ya shamba aking'oa ngano changa, moja baada ya nyingine, na kuzipanga chini kama samaki sokoni.

"Ilma! Hiyo ngano nimeipanda nivune, sijaipanda uichezee!"

"Baba, njoo uone. Hii imevaa soksi."

"Soksi gani tena?"

"Za mchanga. Itingishe."

Mzee Traugott akaitingisha. Mchanga ulikuwa umeng'ang'ania mzizi mzima, haukudondoka. Akaitingisha nyingine, iliyomea hatua tatu tu kutoka pale, ikabaki mizizi mitupu. Akasema, "Haya, umeshaona. Zirudishe ardhini, na leo hupati keki." Keki hakupata, ila soksi zile hazikumtoka akilini.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya Kartilpa kuanzia 1947 hadi 1953, kwa Mwalimu Lienert, kisha sekondari ya Loxton, safari ya karibu saa mbili kwa basi kila asubuhi, hadi Desemba 1957. Alimaliza akiwa wa kwanza katika masomo ya sayansi. Baba yake alitaka arudi nyumbani kukamua. Emma, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alikata shauri mezani: "Ng'ombe watakamuliwa na Lothar. Naye ana mikono." Lothar anasema aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka ishirini iliyofuata kwa sababu ya sentensi hiyo, na hakuna aliyewahi kumpa pole.

Februari 1958 Ilma aliajiriwa Adelaide, katika maabara ya serikali ya udongo, kazi yake ikiwa kuosha vyombo vya kioo. Baada ya miaka miwili alikuwa amekalia kiti mbele ya hadubini, na vyombo vinaoshwa na mwingine. Siku zile maabara ilikuwa ikikuza bakteria wa kunde na majani ya malisho, wanachanganywa na mboji nyeusi, wanafungwa kwenye pakiti na kupelekwa kwa wakulima wakapake mbegu. Katika barua aliyomwandikia mama yake mwaka 1961, ambayo familia bado inayo, aliandika hivi: "Hawa ni mifugo kama mifugo mingine. Wanakula, wanakunywa, wanazaa, na ukiwasahau juani wanakufa. Tofauti yao na kondoo ni kwamba hawarukii uzio."

Berthold Zadow, kijana wa shamba la jirani, alikuwa na mdomo mzito na hakujua kuandika barua za mapenzi. Mwaka 1966 alipanda treni hadi Adelaide akiwa amebeba bati la biskuti. Wasichana wa maabara walijazana kuona zawadi. Ndani mlikuwa na bonge la udongo na mizizi ya ngano yenye soksi nene za mchanga. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilma hakucheka, aliliweka lile bonge kwenye barafu kabla hata hajamkaribisha Bert kiti. Walifunga ndoa katika kanisa hili Jumamosi, tarehe 4 Novemba 1967, Ilma akarudi Kartilpa kuishi shambani kwa Bert, na Mungu akawajalia watoto wawili, Annelise mwaka 1969 na Martin mwaka 1972. Bert alifariki ghafla tarehe 2 Julai 1998, akiwa juu ya trekta. Waliishi vizuri. Waligombana juu ya mambo mawili tu, kondoo na chumba cha kufulia.

Chumba cha kufulia kinahitaji maelezo. Mwaka 1982, ukame ulipounguza kila kitu kuanzia hapa hadi mtoni, Ilma aliona ukanda mwembamba wa ngano uliobaki kijani kwenye kona ya uzio wa mashariki. Akachimba. Mizizi ilikuwa na soksi kama zile za utotoni, na soksi zilikuwa na unyevu wakati mchanga wa pembeni ulikuwa mkavu kama unga. Alipeleka Adelaide, wenzake wa zamani wakamtengea bakteria aliyekuwa akifanya kazi ile, na Ilma akaanza kumfuga nyumbani, katika chumba cha kufulia, kati ya mashine na pasi. Tangu siku hiyo Bert alivaa mashati yenye harufu ya udongo uliolowa, kanisani na sokoni.

Bakteria huyu, kwa namna Ilma alivyowaeleza watu mara elfu, hutoa ute mzito kama wa bamia kuzunguka mzizi. Ute hushika mchanga, na mchanga hushika maji kidogo yaliyopo yasikimbie. Zaidi ya hapo, huutuliza mmea usiharakishe kuzeeka kwa hofu ya kiu. Hakuwahi kutia chumvi. Mtu akimwuliza kama vijidudu vinaleta mvua, alijibu, "Havileti mvua, wala havipalilii. Vinaipa ngano wiki mbili za kuvumilia. Mvua isipokuja ndani ya hizo wiki mbili, mimi na wewe tutanunua mkate dukani kama watu wa mjini." Kwa miaka ishirini na tatu alipanda vipande viwili ubavu kwa ubavu, kimoja chenye vijidudu na kingine bila. Miaka ya mvua nzuri aliandika kwenye daftari lake "hakuna tofauti", bila aibu. Miaka mikavu tofauti ilionekana hata ukiwa barabarani.

Kwa hiyo mwaka 2006, mvua zilipochelewa na kila mtu ameshika tama, familia kumi na moja za chama cha wakulima cha Kartilpa zilimwendea na kumwomba vijidudu. Ilma akawa jikoni na katika chumba cha kufulia kwa wiki sita akikuza vya kutosha. Mbegu za wote zilichanganywa Ijumaa na Jumamosi, tarehe 12 na 13 Mei, katika banda la Lothar, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama na ndiye aliyekuwa na mashine kubwa. Ilma hakuwepo. Alikuwa Adelaide, kwa kuwa Annelise alijifungua Klara asubuhi ya ile Ijumaa. Mbegu zake mwenyewe alikuwa amezichanganya nyumbani wiki iliyotangulia, na Martin ndiye aliyepanda.

Kufikia Septemba, ngano ya Ilma ilikuwa imefika magotini, nyembamba lakini ina masuke. Ngano ya familia kumi na moja ilikauka sawasawa na ya wale ambao hawakupaka chochote. Watu walikuwa wamemwamini, wengine wakapanda hata mashamba waliyokusudia kuyalaza mwaka ule. Dukani maneno yalianza. Kurt Pfitzner, ambaye leo ni mmoja wa waliobeba jeneza na ameturuhusu kumtaja, alisema mbele ya watu, "Uji alijiwekea mwenyewe. Sisi katupa maji aliyooshea sufuria."

Ilma aliyasikia hayo. Alikwenda bandani kwa Lothar, akachota kiganja cha mbegu zilizobaki kwenye mashine, akarudi kwenye hadubini yake. Vijidudu vyote vilikuwa vimekufa. Mbegu zilikuwa zimechanganywa kwa maji ya bomba.

Wenyeji wa hapa hawahitaji kuambiwa tofauti. Maji ya bomba yanatoka mtoni na yana klorini, ni ya kondoo, bafu na mashine za dawa. Maji ya tangi ni ya mvua kutoka kwenye paa, ni ya kunywa, na hakuna nyumba Kartilpa inayothubutu kumpikia mgeni chai kwa maji ya bomba. Mwaka ule matangi yalikuwa yakigongwa yanalia tupu karibu mpaka chini. Klorini inayolinda tumbo la mtu kwa kuua vijidudu haichagui kijidudu kibaya na kizuri.

Mkutano ulifanyika ukumbini, Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2006. Ilma alisimama akaeleza alichokiona, kwa dakika nne.

"Sawa," akasema Kurt. "Na nani alituambia tutumie maji ya bomba?"

Lothar alikuwa mezani, mbele, akitazama karatasi zake.

"Hakuna aliyewaambia," alijibu Ilma. "Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia mtumie ya tangi. Nilisahau. Nilikuwa na mambo ya mjukuu. Kosa ni langu, na naomba radhi kwa kila nyumba."

"Umesahau?" akauliza Kurt. "Miaka ishirini na tatu unafuga hawa wadudu, halafu unasahau wanachokunywa?"

"Nimesahau, Kurt. Kaa chini."

Kitabu cha kumbukumbu za chama kinaeleza kwa mstari mmoja: "Majaribio yameharibika kwa sababu Bi. Zadow alisahau kutoa maelekezo." Aliondolewa kwenye ukatibu wa majaribio wa chama, aliokuwa nao mpaka siku hiyo, usiku ule ule, kwa kura tisa dhidi ya mbili. Hakuna familia iliyomwomba vijidudu kwa miaka kumi na miwili. Aliendelea peke yake na vipande vyake viwili.

Kilichobaki mdomoni mwa watu kilikuwa mzaha, na mzaha ukizoeleka hakuna anayeuangalia tena. Kwenye chakula cha mavuno mtu angemwambia, "Ilma, saladi umeleta, au iko mezani nyumbani?" Akipiga simu, anaulizwa kama amekumbuka kuzima jiko. Alicheka nao. Ukame wa 2018 na 2019 ulipokuja, familia tisa zilirudi kwake zikiwa na maji ya tangi kwenye madumu, zikavuna, na bado wakawa wanamwita Ilma Msahaulifu, kwa mapenzi kabisa. Lakini Machi 2022 alipoacha sufuria motoni mara moja, jambo ambalo limemtokea kila mtu aliyemo kanisani humu, watoto wake hawakungoja ya pili.

"Mama, hili halijaanza leo," Annelise alimwambia. "Toka ile 2006 unasahau."

Ilma akaenda kufungasha. Aliiacha nyumba yake ya miaka hamsini na minne, na chumba cha kufulia, akahamia nyumba ya wazee mjini. Wauguzi wa kule walishangaa kwamba mama aliyeletwa kwa kusahau aliweza kuwatajia mvua ya kila mwezi tangu 1968. Annelise ameomba maneno haya yabaki kama yalivyoandikwa.

Agosti 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Alilazwa hospitali tarehe 9 Januari mwaka huu, na akafariki Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa nane mchana, akiwa na miaka themanini na miwili, Martin na Annelise wakiwa kando ya kitanda chake.

Jumapili iliyofuata, mpwa wake Verena, ambaye ni binti wa Lothar na ndiye msomaji wa wasifu huu, alikuwa jikoni akikunja programu zile za kwanza. Baba yake aliingia akiwa na nakala moja mkononi na kalamu sikioni. Akaiweka mezani, kidole juu ya mstari uliosema kwamba mwaka 2006 marehemu alisahau kutoa maelekezo.

"Futa hapo."

"Baba, ndivyo ilivyokuwa. Mwenyewe alisema."

"Alisema uongo. Aliniambia mimi."

Verena akaacha kukunja. Lothar akakaa, na maneno yakatoka kidogo kidogo. Alhamisi ya tarehe 11 Mei 2006, usiku wa kuamkia kuchanganya, Ilma alimpigia simu kutoka Adelaide. Maji ya tangi tu, alisema, na uwaambie wote, ya bomba yataviua vijidudu. Lothar akajibu ndiyo. Asubuhi aligonga tangi lake, likalia karibu tupu. Zilihitajika lita elfu moja na mia mbili kwa mbegu zote, na ndani ya nyumba mkewe Trudi alikuwa mgonjwa wa figo, maji ya bomba yakimtapisha.

"Nikasema, mbegu zinywe maji ya mke wangu? Nikafungua bomba. Nilidhani dada anatia mbwembwe. Kaklorini kadogo kale, kataua nini?"

"Na pale ukumbini?"

"Pale ukumbini nilikuwa nafungua mdomo. Akaniwahi." Lothar akatikisa kichwa. "Si kweli. Sikuwa nafungua mdomo. Nilikuwa natazama karatasi."

Baada ya mkutano, alisema, Ilma alimkuta kwenye gari lake. Akamwambia, "Mimi nishazoeleka kuwa mwendawazimu wa wadudu, haitanipunguzia kitu. Wewe ni mwenyekiti, ni mzee wa kanisa, na Trudi atahitaji watu hawa wote waje mlangoni kwako. Nenda nyumbani." Ni kweli kwamba walikuja. Wanawake wa Kartilpa walimhudumia Trudi kwa zamu mpaka alipofariki mwaka 2009, na walimletea maji ya matangi yao. Baada ya hapo Lothar aliona muda umepita, na kila mwaka uliopita uliongeza ugumu. Wakazungumza kondoo, mvua, watoto. Hilo hawakuligusa.

Alilileta hospitalini, tarehe 14 Januari, siku nne kabla.

"Dada, uliniambia kuhusu maji ya tangi. Uliniambia mara mbili."

"Mara tatu," alisema Ilma. "Ile ya tatu ulikuwa unatafuna."

Lothar alilia. Alimwambia atalisema kanisani Jumapili inayofuata. Ilma akamkatalia, akasema angoje afe kwanza, hana nguvu za kusikiliza watu wakimzunguka kitandani kumwomba msamaha. Kisha Lothar akamwuliza kama amekasirika, na Ilma akakiri kwamba ndiyo. "Miaka kumi na saba, Lothar. Nyumba yangu nimeiacha. Nilikuwa nakusubiri." Hayo pia Lothar ametaka yasomwe, na yamesomwa mbele yake.

Jumatatu, tarehe 22 Januari, saa nne asubuhi, mbele ya Kurt Pfitzner na katibu wa sasa, Lothar alifungua kitabu cha kumbukumbu za chama, akaukata ule mstari wa Oktoba 2006 kwa wino, akaandika chini yake: "Bi. Zadow alitoa maelekezo. Mwenyekiti hakuyafikisha. L. Kleinig." Kurt aliusoma, akavua kofia, akatoka nje kwa muda.

Marehemu ameacha watoto wawili, Annelise wa Adelaide na Martin wa hapa Kartilpa pamoja na mkewe Joanne. Wajukuu wanne, Tobias, Hanne, Eric na mdogo wao Klara. Kitukuu mmoja, Wilma, mtoto wa Tobias, mwenye miezi mitano. Mpwa wake Verena. Familia kumi na moja ambazo zimeomba kutajwa hapa kama wafiwa. Na mdogo wake, Lothar, ambaye alichelewa.

Bwana ampe pumziko jema Ilma Frieda Zadow, ambaye hakusahau.